Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa kompyuta



Leo sina mtakatifu mwenye sanamu kanisani. Ninaye mtawa mwalimu aliyefariki Januari 1985, kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa. Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo wasichana wa huku kwetu Lukuledi huniletea mara kwa mara, hasa wale wa mchepuo wa sayansi: Frateri, mtu akiwa sista anaruhusiwa kusoma kompyuta? Ukilisikiliza vizuri, ndani yake kuna swali jingine. Wanauliza kama hesabu na wito vinaweza kukaa nyumba moja. Wengine wameshaambiwa nyumbani wachague kimoja, yaani ama masomo ama utawa, na hawalali.

Sasa hebu tumtazame Sista Mary Kenneth Keller, tuone yeye ilikuwaje.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1913 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, akaitwa Evelyn Marie. Mwaka 1932, akiwa na miaka 18, alijiunga na Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mbarikiwa, ambao kwa kifupi huandikwa BVM. Ni shirika lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1833 na akina mama waliotoka Dublin, Ireland, wakiongozwa na Mama Mary Frances Clarke, na miaka 10 baadaye likahamia Dubuque, jimbo la Iowa. Tangu mwanzo kazi yao ilikuwa kufundisha. Shikeni jina hilo la Clarke, litarudi.

Evelyn akawa Mary Kenneth, ndiyo, na jina la kiume, kama ilivyokuwa desturi ya watawa wengi enzi hizo. Aliweka nadhiri mwaka 1940. Mwaka 1943 akapata shahada ya hisabati katika Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, chuo cha mapadre Wavinsenti. Mwaka 1953 akapata hapo hapo shahada ya uzamili ya hisabati na fizikia, akiwa na miaka 39. Nawatajia umri makusudi. Kuna mtu huku amemaliza kidato cha sita juzi tu na anajiona amechelewa.

Mpaka hapo ni maisha ya mtawa mwalimu kama wengi waliokuwapo. Kompyuta zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka kwenye maabara. Zilikuwa mashine za kujaza chumba, na aliyezigusa alikuwa mwanajeshi, mhandisi au mtaalamu wa hesabu. Sista akasikia habari zake akataka kujua. Akasoma kozi kwenye vyuo kadhaa, kikiwamo Dartmouth, ambacho wakati huo kilikuwa chuo cha wanaume na kiliendelea hivyo mpaka mwaka 1972. Dartmouth ndiko John Kemeny na Thomas Kurtz, pamoja na wanafunzi wao, walikotengeneza lugha ya BASIC, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1964. Mitandaoni utakuta sista anapewa sifa ya kuitunga BASIC. Mimi naona tuwaachie Kemeny na Kurtz haki yao. Alichofanya sista kinatosha, hakihitaji kuongezewa chumvi.

Naomba tukae kidogo hapa kwenye mashine zenyewe, maana bila kuzielewa hutaelewa alikuwa anahangaika na nini. Mtu akitaja kompyuta leo unafikiria skrini. Wakati sista anajifunza, vyuo vingi havikuwa na skrini ya kusomea. Uliandika programu kwenye kadi ngumu za kutobolewa matundu, kila kadi mstari mmoja wa safu 80. Ukapeleka bunda lako la kadi dirishani, ukaondoka. Ukarudi baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, ukapewa karatasi. Mazungumzo yako na mashine ndiyo hayo! Kama koma moja imekaa vibaya, karatasi inakuambia hivyo tu, na unaanza upya.

Halafu kuifanya mashine iandike neno moja la kibinadamu ilikuwa kazi. Katika FORTRAN, lugha aliyoitumia sista kwenye utafiti wake, ukitaka maneno yatoke ilibidi uhesabu herufi zake kwa mkono na kuiambia mashine idadi. Ukitaka HABARI, unaandika 7H, kisha nafasi moja tupu, kisha HABARI. Mbona 7 wakati herufi ni 6? Kwa sababu printa za wakati ule hazikuchapa herufi ya kwanza ya mstari. Herufi hiyo ilikuwa amri. Ukiiacha tupu, karatasi inasogea mstari mmoja. Ukiweka 0, inasogea miwili. Ukiweka 1, inaruka mpaka ukurasa mpya. Ukiweka alama ya kujumlisha, haisogei kabisa, na maandishi yanachapwa juu ya maandishi. Mwanafunzi aliyesahau ile nafasi tupu aliliona neno lake likitoka ABARI. Na aliyeanza mstari wake na mwaka 1965 alipata 965, tena juu kabisa ya karatasi mpya.

Unacheka, lakini tazama kilichomo. Mashine inaweza kuwa imekokotoa jibu sahihi kabisa, na bado msomaji akapokea takataka. Kukokotoa ni kazi moja, kulifikisha jibu kwa mtu ni kazi nyingine, na hii ya pili ina sheria zake, inataka uvumilivu wake. Waliobobea kwenye hesabu waliiona ni kazi ndogo. Kwa mwalimu haiwezi kuwa ndogo. Mwalimu anajua kwamba anachokijua yeye kichwani hakimsaidii mtoto aliyekaa dawati la nyuma mpaka kimfikie.

Utafiti wake wa uzamivu aliufanya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Alitaka kuona kama kompyuta inaweza kutazama mifano kadhaa iliyozalishwa na kompyuta yenyewe, kisha ikabuni kanuni inayoiunganisha. Sisi wa falsafa tunaiita hoja ya kutoka mifano kwenda kanuni, na tumeisoma tangu Aristotle mpaka Hume mpaka kichwa kikauma. Yeye aliiandikia programu. Tarehe 7 Juni 1965 akatunukiwa shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta, mwanamke wa kwanza Marekani kuipata. Siku hiyo hiyo, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Irving Tang naye alitunukiwa ya kwake, na hao wawili wanahesabiwa kuwa wa kwanza nchini kwao. Sista alikuwa na miaka 51.

Mwaka huo huo wa 1965 kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Dar es Salaam, Wizara ya Fedha. Najua wengi hamjawahi kuisikia hadithi hii, nami naisimulia kwa sababu inaeleza kazi ya sista kuliko maelezo yangu. Mashine iliwekwa ili isaidie mahesabu ya hazina. Matokeo yake hayakuridhisha, mahesabu yakavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980. Wapo wanaoicheka leo. Mimi siicheki. Nchi changa ilinunua mashine ya gharama kubwa, na wenye kuielewa wakawa wachache mno. Mashine ikitoa karatasi ambazo wenye nchi hawawezi kuzisoma, kuzihakiki wala kuzisahihisha, hiyo si maendeleo bado.

Sista naye aliliona jambo hilo hilo, akiwa kwake. Aliporudi Dubuque mwaka huo wa 1965, kazi aliyopewa ilikuwa katika chuo cha shirika lake, Chuo cha Clarke (si niliwaambia jina litarudi?), chuo kidogo cha wanawake. Mtu mwenye shahada kama ile angeweza kwenda kwenye kampuni kubwa au chuo kikuu maarufu. Alikuwa na nadhiri ya utii, ndiyo, ila ukisoma maisha yake huoni mtu aliyeburuzwa. Alianzisha idara ya sayansi ya kompyuta pale Clarke na kuiongoza kwa miaka 20. Akaanzisha pia masomo ya uzamili kwa walimu waliotaka kuitumia kompyuta darasani. Akasaidia kuundwa kwa chama cha vyuo vidogo vilivyokuwa na kompyuta ndogo, ili visikae vikisubiri huruma ya vyuo vikubwa.

Alichokishikilia ni hiki, nakisema kwa maneno yangu: habari zinaongezeka kwa kasi ya mlipuko, na habari isiyopatikana kwa anayeihitaji haina faida yoyote. Hakusema kompyuta ni ya wenye vipaji. Alitaka mwalimu wa shule ya msingi aitumie, muuguzi aitumie, mtu wa maktaba aitumie. Na wanawake. Hapo alikuwa mkali kweli. Wanafunzi wake waliokuwa na watoto wachanga aliwahimiza waje darasani na watoto wao. Ebu fikiria, miaka ile, somo la programu, na kitoto kinalia nyuma. Sista anaendelea na somo.

Katika miaka ile 20 ya Clarke, karatasi ilianza kuachia nafasi skrini. Vijana mnaojifunza programu mtaona kwamba mnachokutana nacho siku ya kwanza, lile dirisha jeusi lenye herufi tupu, ni mtoto wa zile kadi na zile printa. Ngoja nieleze linavyofanya kazi, kwa sababu mengi yanayofundishwa huku hulirukia.

Programu yako haiandiki kwenye kioo. Inaandika kwenye kumbukumbu ya mashine, mahali panapoitwa bafa. Chukulia ni daftari la vyumba vyumba: mistari 25, kila mstari vyumba 80. Hiyo 80 ni urithi wa kadi za kutoboa. Jumla ni vyumba 2,000, na kila chumba kinabeba herufi moja tu. Kwenye kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, kila chumba kilichukua baiti mbili, moja ya herufi na ya pili ya rangi au mng'ao wake, hivyo ukurasa mzima ni baiti 4,000. Kifaa kingine kabisa kinapita kwenye daftari hilo mara nyingi kila sekunde na kuchora kilichomo. Ukitaka herufi ikae mstari wa 3, safu ya 10, ukianza kuhesabu na sifuri, unazidisha 3 kwa 80 unajumlisha 10, unapata chumba cha 250. Unaweka herufi humo. Kioo kitaiona chenyewe.

Mistari ikijaa je? Mashine inanakili kila mstari kuupeleka juu kwa hatua moja, wa chini kabisa unabaki wazi, na ule wa juu kabisa unapotea, isipokuwa kama bafa imefanywa ndefu kuliko dirisha. Ndiyo maana kwenye mashine za leo unaweza kupanda juu ukasoma yaliyopita. Na unaweza kuwa na bafa mbili. Moja inaonekana, nyingine unaiandaa kimya kimya, herufi kwa herufi, kisha kwa amri moja unazibadilisha. Anayetazama anaona ukurasa mzima umetokea kwa mara moja, hajui ulivyohangaika.

Kuna bafa nyingine inayotesa wanaoanza. Programu inaandika maneno, lakini hayatoki. Yanasubiri kwanza yajae ndipo yatumwe pamoja, kwa sababu kutuma herufi moja moja ni gharama. Wana Lukuledi mnalijua hili kutoka kwenye korosho. Gunia lako moja halipelekwi peke yake, linakaa ghala la AMCOS mpaka ujazo wa lori utimie. Ni utaratibu mzuri. Ila kama programu itakufa ghafla kabla ya kutoa amri ya kumwaga kilichomo, maneno yako yanapotea nayo. Yaliandikwa kweli, na hakuna aliyeyasoma. Ndiyo maana programu ikiharibika ukaona kimya, usikimbilie kusema haikufika hapo. Pengine ilifika, ikasema, neno likabaki ghalani.

Mwalimu wetu mmoja wa metafizikia angesema neno hilo lilibaki katika uwezo, halikufika kwenye utendaji. Haya, tuendelee.

Mnaodhani haya ni mambo ya Marekani ya zamani, chukueni kitochi cha bibi. Piga *150*00#. Ile orodha inayotokea ya kutuma pesa na kutoa pesa ni maandishi tupu, hakuna picha, hakuna rangi, na ukurasa mmoja hauzidi herufi 182. Mtu fulani alikaa akahesabu herufi, kama wale wa 7H, akaamua neno lipi likae na lipi litoke ili mkulima aelewe. Bibi anayesubiri malipo ya mnada wa korosho anategemea kazi hiyo. Mstari ukikatwa vibaya, anabonyeza namba siyo, pesa inakwenda kwa asiyehusika. Kwa hiyo vijana wa TEHAMA mnaodharau programu ya kuandika maneno tu kwenye dirisha jeusi kwa sababu haina mvuto, nadhani hamjamtazama vizuri atakayeisoma.

Nirudi kwa sista. Aliiongelea mapema sana akili bandia, jambo ambalo leo kila mtu analizungumzia. Aliona kwamba kwa mara ya kwanza binadamu anaweza kuiga kwa mashine sehemu ya kazi ya kufikiri, na akaitazama kama msaada wa kujifunza. Kwake swali lilibaki lile lile: je, mwanafunzi atajifunza zaidi? Hakuiogopa, hakuiabudu. Kwa mtu aliyesali masifu kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashine, naona hilo halishangazi. Alishajua cha kuabudu.

Na kuhusu swali la wasichana wangu. Maisha yake hayasemi kwamba kila sista asome kompyuta, wala kwamba msichana mwenye akili ya hesabu lazima awe sista. Yanaonyesha kitu kidogo zaidi, ambacho wazazi wengine hawajakiona: shirika lilimpeleka shule. Miaka 11 baada ya kuingia alikuwa na shahada ya kwanza, miaka 33 baadaye ya uzamivu. Walimwachia muda huo wote, na matunda yakarudi kwa binti za watu pale Clarke. Hata huku kwetu, tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, utume umekwenda pamoja na darasa na zahanati. Kwa hiyo ukifika siku ya kuongea na mlezi wa miito, lipeleke swali lako la masomo waziwazi. Uliza shirika lina utume gani, linasomesha nini, linahitaji nini. Ni maswali halali, na mlezi mzuri hatakuona una kiburi. Na baba, mama, kama mnasoma hapa: msimlazimishe mtoto kukata kitu ambacho Mungu hajakikata.

Sista Mary Kenneth alifariki Dubuque tarehe 10 Januari 1985, akiwa na miaka 71. Kituo cha kompyuta cha Clarke kikapewa jina lake. Chuo chenyewe kilikuwa kimeanza kupokea na wavulana mwaka 1979, na tangu 2010 ni chuo kikuu.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, kwa hiyo hakuna novena yake na msiitunge. Lakini kumwombea marehemu tunaruhusiwa siku zote. VIWAWA na TYCS wanaopenda, tarehe 10 Januari pelekeni nia kwa paroko, jina ni Mary Kenneth. Na kama kuna mwenye kompyuta hapo parokiani, jioni hiyo tufungue lile dirisha jeusi tuandike ratiba ya Misa za juma, kila jumuiya na saa yake, ikae ndani ya safu 80.